Kiganja cha Bi Klaudia Kinakwenda Asia

Saa saba mchana, jua la Bukoba likichoma mabati, chumba cha kazi cha Ndugu Sada Hamidi ni giza tupu. Dirisha limezibwa kwa blanketi. Taa ndogo inawaka chini ya kioo cha kutazamia filamu, na kwenye kioo hicho, katika nakala ya mkanda iliyobaki, kiganja cha mwanamke mzee kimenyooshwa, kina kahawa ya kutafuna iliyofungwa katika jani kavu la mgomba.

Mwenye kiganja alizikwa kijijini Izigo mwezi wa pili.

"Angalia mkono wako," anasema Sada akicheka kidogo, maana kila anayeingia humu hujikuta ameunyoosha wake. "Hata mkuu wangu aliunyoosha. Halafu akajifanya anafuta vumbi."

Sada, mwenye umri wa miaka 34, ni muungaji wa mikanda ya filamu. Gari la sinema la serikali linaporudi kutoka vijijini na mikanda iliyokatika, yeye huikata kwa wembe, huipaka gundi na kuiunga. Kabla ya hapo alikuwa akiuza vitumbua na mama yake, Bi Zuena, huko Kashai. Mshahara wake wa shilingi 210 hulipa vyumba viwili vya kupanga anamoishi na mama yake, kimojawapo kikiwa hiki cha kazi, na vyumba hivyo havijawahi kukosa mgeni.

Mwaka huu alipewa kazi asiyowahi kupewa: kuunga filamu nzima, inayohusu kijiji cha ujamaa cha Izigo, ipelekwe kwenye tamasha la filamu huko Asia. Jina lake litaonekana mwanzoni mwa picha. Kashai nzima ina habari. Jirani mmoja alishamletea kanga za safari, ingawa anayepanda ndege ni kopo la filamu, si Sada.

Picha zilipigwa na Clavery Mutembei, mpiga picha wa ofisi hiyohiyo ya sinema. Alipofika kwa Bi Klaudia, mjane, bibi huyo alitoka migombani, akamwambia "Nyegera waitu", yaani karibu, akamnyooshea kahawa. Kwa Wahaya mgeni hupokea, akatafuna, ndipo maneno huanza. Lakini Clavery alikuwa ameshika kamera kwa mikono yote miwili.

"Nilisema moyoni, nikimaliza nitachukua," anasema Clavery. "Mkanda ukaisha. Kuinua kichwa, ameshaingia ndani."

Hakumfuata. Kabla ya mavuno Bi Klaudia akafariki.

Kabla ya kuungwa kwa mara ya mwisho, filamu ilijaribiwa Izigo, katika ghala la ushirika, mchana, milango imefungwa. Kiganja kilipotokea kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, mzee wa benchi la mbele akanyoosha mkono. Benchi la pili likafuata, kisha ghala zima. Hakuna aliyecheka. Vivuli vya mikono vikapanda kwenye shuka mpaka uso wa Bi Klaudia ukafunikwa. Sada, aliyekuwa kwenye mashine, anasema palinukia kahawa ya kuchemshwa. Ghala la kahawa litanukia nini kingine? Yeye mwenyewe anauliza hivyo, kisha anaongeza kwamba msimu ule lilikuwa tupu, limefagiliwa.

Siku ya pili mtoto mkubwa wa marehemu, Kamugisha, alimfuata Kashai. Alitaka kipande hicho kikatwe.

"Mama hawezi kusimama kiganja wazi mbele ya watu wa mbali," alimwambia. "Huko nani atachukua?"

Mkuu wa Sada akakataa. Ukiondoa kiganja, alisema, kinachobaki ni majembe na hotuba, na kopo lilitakiwa kwenye ndege ya Ijumaa. Sada akawa katikati. Bila ridhaa ya wafiwa hakuwa tayari kuunga. Asipounga, jina lake haliendi kokote.

"Wembe nilikuwa nao mkononi," anasema. "Lakini nikimkata, si nimemfukuza mlangoni kwake mwenyewe?"

Akashusha boksi la mabaki, atafute picha nyingine ya Bi Klaudia akiwa hajashika kitu. Ndipo akafika kwenye mkia wa mkanda wa Clavery, ile sehemu inayoingiwa na mwanga ikawa nyeupe, na kwa kawaida hutupwa. Ndani ya weupe ule mkono unaingia kutoka pembeni, unachukua kahawa. Kidole cha shahada kimekatika kwenye kiungo cha kwanza. Bi Klaudia haangalii kamera. Anamwangalia mwenye mkono, anatabasamu.

Kamugisha akaitwa. Nyumba ya Bi Zuena huwa haina siri, kwa hiyo chumba kilijaa majirani na birika la chai. Kamugisha akainama kwenye kioo, akaomba mkanda urudishwe nyuma, akatazama tena.

"Kidole hicho kilikatwa na mashine ya kukoboa kahawa," alisema. "Huo ni mkono wa baba."

Baba yake alizikwa nyuma ya nyumba ya Bi Klaudia mwaka wa Uhuru, miaka kumi na miwili iliyopita. Chai ilipoa vikombeni.

Wapo Kashai wanaosema ni mkono wa Clavery mwenyewe. Yeye huiweka mikono mezani kwa kila anayeuliza: vidole kumi, vizima. Anaapa kwamba jicho lake lilikuwa kwenye kamera mpaka mwisho, na hakuona mkono. Wengine wanasema ni jirani aliyekuwa akipita. Kamugisha amezunguka Izigo akimtafuta jirani wa kidole hicho. Hajampata. Na mpaka kopo lile lilipoondoka, Clavery hakulibeba tena akiwa peke yake.

"Kama baba amepokea mwenyewe, basi mama amekaribisha mtu," Kamugisha alimwambia Sada siku ile mbele ya kioo. "Unga."

Aliunga alasiri hiyohiyo. Mkuu wake alitaka kipande cheupe kiondolewe kwa kuwa kimeharibika. Sada akamjibu kwamba hicho kikitoka, amtafute muungaji mwingine. Ijumaa kopo likapaa.

Na huko Asia waamuzi wataona nini? Pengine mzee tu, akipokea kahawa kwa mkewe.

"Watakuwa wameona sawasawa," anasema Sada.

Matokeo hayajaja. Sasa ameomba kwenda Dar es Salaam kujifunza kupiga picha mwenyewe. Bi Zuena hataki hata kulisikia neno kamera, na Clavery amemshauri abaki na gundi yake. Sada amekwisha kuamua atakavyoifanya kazi hiyo.

"Nitapokea kwanza kahawa ya mtu, niitafune mpaka iishe," anasema. "Ndipo nimwombe picha."