Siuzi Tunda Bila Kijiti Chake

Sokoni walimwita Bibi Kijiti, na jina likamkaa. Kwa miaka thelathini aliuza matunda meusi ya vichakani, madogo kama punje za mahindi, na hakuwahi kuuza hata moja lililopukuchuliwa. Yote yalibaki kwenye vijiti vyake, majani juu. Wateja walinung'unika kwamba wanabebeshwa kuni. Yeye aliwaambia wakanunue kwingine, na kwingine hakukuwepo.

Basi fundi cherehani wa jirani akala matunda, akatapika siku mbili, nusura aiage dunia. Alipopata nafuu akasema aliyanunua kwa Bibi Kijiti. Bwana afya wa soko hakuuliza mara mbili. Aliwaita wote wawili ofisini, akamsukumia bibi karatasi: aweke sahihi kwamba ameacha biashara, na meza yake apewe mwingine. Meza hiyo ndiyo iliyowalea yeye na mabinti zake wanne.

"Mama, weka sahihi tuyamalize," alisema bwana afya.

"Siweki." Akamgeukia fundi, aliyejikunyata kitini kama kuku aliyenyeshewa. "Mwanangu, hayo matunda yalikuja na vijiti vyake?"

"Vijiti vya nini? Yalikuwa kwenye mfuko tu."

"Mimi siuzi tunda bila kijiti chake, soko zima linajua. Hayo umeyachuma mwenyewe kando ya barabara, ukaona haya kusema."

Fundi akainamisha kichwa.

"Hata hivyo," alisema bwana afya, "biashara hii ni ya hatari. Karatasi iko palepale."

Hapo bibi alipandwa na hasira kwelikweli, lakini mikono yake ilitulia. Alitoa vijiti viwili kikapuni, akavilaza juu ya karatasi. Matunda yalifanana kama mapacha.

"Nioneshe kilicho changu, bwana mkubwa."

Bwana afya alivigeuzageuza, akachagua cha kulia. Bibi akakivunja. Utomvu mweupe ukachuruzika hadi kwenye mstari wa sahihi.

"Hiki ndicho kilichomlaza fundi, nimekichuma kando ya barabara nikija hapa. Changu kikivunjwa ni kikavu. Na usiende kuvunjavunja kila kichaka ukadhani umehitimu. Alama hiyo ni ya hivi viwili tu, vingine vina mambo yake. Mkiniondoa, watu hawataacha kula. Watachuma wenyewe, kama huyu."

Akabeba kikapu chake, akatoka bila kusaini.

Kesho yake alikuwa mezani asubuhi na mapema, kile kijiti cha sumu amekining'iniza kwa uzi mwekundu, kila apitaye akione. Saa nne bwana afya akafika, akanunua fungu moja. Kabla ya kula, alivunja kijiti, akakitazama vizuri.