Nilivyowaeleza Wamarekani kijigari changu cha Kiingereza, na alichokuwa akinieleza kaka yangu

Wakuu, salamu kwenu mlioko nyumbani na sisi tulioko huku kwenye baridi.

Haya yamenikuta mwenyewe, hapa Stockholm, kiangazi kilichopita. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Kwa wasionijua: mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Tanga. Nilikuja Sweden kusoma nikabaki. Nafanya kazi Kista, mambo ya software, na naishi Husby, mtaa wa jirani, na binti yangu Zuhra, ana miaka kumi na sita. Baba yake alifariki kwa maradhi Zuhra akiwa bado mdogo.

Na nina gari.

Si la kwendea kazini, kazini naenda kwa miguu. Ni sports car ya Kiingereza ya zamani, siti mbili, juu ina turubai, injini ndogo, na usukani uko kulia kama magari ya kwetu. Brand siitaji, maana nikiitaja tu uzi utageuka wa kubishania spea.

Wengi wakiliona hudhani niliachiwa na marehemu. Hapana. Marehemu hakulipenda, lilimuumiza mgongo. Nililinunua mwenyewe kwa sababu nilikuwa nalitaka, na nalihifadhi kwenye gereji ya kupanga mtaa wa Rissne.

Sasa tuje kwa kaka yangu.

Kaka Idi yuko Houston miaka mingi. Yumo kwenye klabu ya wapenzi wa magari, yale makubwa ya Kimarekani ambayo injini ikiwaka vikombe vinatikisika kabatini. Labda hamjui, lakini Waswidi wanayapenda mno hayo magari. Kiangazi wanayatoa, wanazunguka nayo mjini. Basi kaka akaja kuyaona, pamoja na wenzake wawili wa klabu: Wayne, mkubwa wa mwili na mpole, na Todd, mwembamba, fundi wa injini aliyestaafu.

Jioni ya kwanza walikula kwangu. Katikati ya pilau kaka akageukia Kiswahili, ili wageni wasielewe.

"Rehema, huyu mtoto ana mzazi mmoja."

"Najua, kaka."

"Na mzazi mwenyewe anapanda kitu ambacho hakina hata airbag. Mimi hunisikilizi. Nimekuja na watu wanaojua magari. Wakikuambia wao, labda utasikia."

Zuhra hunijibu kwa Kiswidi hata nikimsemesha kwa Kiswahili, ila Kiswahili anakisikia chote. Akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "Mamma kör jättebra." Yaani mama anaendesha vizuri sana.

Kaka akaniuliza mtoto amesema nini. Nikamwambia anasifu pilau.

Jumamosi tukaenda Rissne. Nilipofungua gereji Wayne alilizunguka gari mara mbili. Kwa kimo chake, lilimfika kiunoni.

Swali la kwanza lilikuwa nililolitegemea: horsepower ngapi?

Nikamtajia. Akamtazama Todd, Todd akatazama chini. Wayne akasema kwa upole kabisa kwamba mashine yake ya kukata majani nyumbani inakaribia hapo.

Wakuu, hapa nataka mnielewe, maana ndipo nilipojifunza kwamba kumweleza mtu kitu asichokipenda ni kazi.

Nilianza na barabara. Nikawaambia barabara za mashambani za Waingereza ni nyembamba, zimebanwa na ua wa miti, kona juu ya kona. Huko nguvu nyingi huna pa kuzitumia. Nyinyi kwenu barabara imenyooka mpaka macho yachoke, kwa hiyo mkitaka raha mnaongeza injini. Wao walipotaka raha walipunguza uzito.

Wayne akauliza kwa nini wasifanye yote mawili.

Nikasema injini kubwa nayo ni mzigo. Ukiiweka, unahitaji breki kubwa, tairi pana, chuma kinene cha kushikilia vyote hivyo. Mwisho umepata gari jingine. Fikiria watu wawili wanakimbia sokoni, mmoja ana gunia la mchele kichwani, mwingine mikono mitupu. Kwenye njia iliyonyooka mwenye gunia akiwa na misuli anaweza kumpita mwenzake. Kwenye kona gunia linataka kwenda mbele, yeye anataka kwenda kushoto.

Todd akacheka. Huyo nikaona ananipata.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Akasema kwa Kiingereza, ili wote wasikie, "Waulize kuhusu ajali."

Todd alikuwa mkweli. Akasema gari ni zuri na limetunzwa, ila likigongwa halina cha kumkinga mtu. Nikamjibu kwamba najua. Kaka akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikawaambia kesho asubuhi tutoke, nitawapakia mmoja mmoja. Gari la namna hii ukilielezea limesimama unapoteza muda.

Jumapili tukaenda Ekerö, kisiwa cha mashamba magharibi ya mji. Wao walikuwa wamekodi pickup, inanifuata nyuma.

Todd alianza. Kwa kuwa usukani wangu uko kulia, abiria anakaa kushoto, upande wa magari yanayokuja, penye dereva kwa nchi za Waswidi na Wamarekani. Basi muda wote mguu wake ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo. Baada ya kona kadhaa akatulia. Akasema barabara anaisikia kwenye makalio. Nikamwambia hayo ndiyo maelezo yote niliyokuwa nayatafuta jana.

Wayne magoti yalifika kidevuni. Alishuka anatabasamu, ila akasema anarudi kwenye pickup kupumua.

Zamu ya mwisho ikawa ya kaka.

Alifunga mkanda, akaushika mlango kwa mkono. Mbele yetu palikuwa na trekta, nikamwomba aniangalizie, maana upande wake ndio unaoona. "Kaka, kuna gari?" Akachungulia. "Hakuna. Pita." Nikapita. Akaanza kunisimulia gari la kwanza aliloendesha alipofika Amerika, na nikaona mabega yameshuka.

Baada ya kona yenye miti akaruka mnyama kutoka kulia. Ni mnyama kama swala, Waswidi humwita rådjur. Akasimama katikati ya barabara akitutazama.

Gari langu halina ABS, hiyo kazi inabidi uifanye kwa mguu. Nilikanyaga breki, nikaachia kidogo tairi zisigande, nikakanyaga tena na kuvuta usukani. Tukasimama karibu naye kiasi cha kuona pua yake ikicheza. Kisha akaingia shambani.

Nikawasha taa za tahadhari, nikasogea pembeni. Nikazima injini.

Pickup ikafika. Todd, aliyeona kila kitu kwa mbali, akasema wepesi ndio uliotuokoa, gari zito lisingesimama pale.

Wayne akafikiri, akasema, "Ni kweli. Mimi ningemgonga. Lakini ningemgonga nikiwa salama. Wewe ungemgonga, angeingia kupitia kioo cha mbele."

Wote wawili walikuwa sahihi.

Kaka alibaki kwenye siti, mkanda umefungwa. Wenzake waliposogea akauliza kwa sauti ya chini.

"Zuhra huwa unampakia humu?"

"Ndiyo."

"Njia hii?"

"Njia hii hii."

Akatikisa kichwa taratibu. Afadhali angegomba.

Wiki hiyo nilifikiri sana. Uamuzi nilioufikia ni huu: gari siuzi. Ila Zuhra hapandi tena mpaka afikishe miaka kumi na nane na aamue mwenyewe, akijua anachokiamua. Zuhra hakufurahi, alininunia siku kadhaa. Kaka naye hakufurahi, maana yeye alitaka liuzwe. Ni uamuzi uliowaudhi wote, na mpaka leo naona ni sawa.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hotuba. Kaka akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake, akaninong'oneza sikioni.

"Usife, Rehema."

Basi. Hakusema usiendeshe. Akachukua begi akaingia ndani.

Nilichojifunza, wakuu: siku zote zile mimi nilikuwa naeleza uzito wa gari. Kaka alikuwa ananieleza kwamba anaogopa, na mimi nikawa namjibu kwa habari za kona na breki. Mtu akikuletea hofu yake, msikilize hofu kwanza. Mambo ya injini yatasubiri.

Nakaribisha maoni. Wenye watoto na wenye vitu vyao wanavyovipenda ambavyo ni hatari, pikipiki na kadhalika, nyinyi mmeamuaje? Na kama unaona nilikosea kutoliuza, sema wazi, sitakasirika.