Springi ya Kalamu Iliyobarikiwa

Siku matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, mtaa wetu mzima wa Bel-Air ulikuwa mweupe. Desturi yetu ni hiyo: ukifaulu, unamwagiwa poda kuanzia nywele hadi viatu, na ni siku hiyohiyo tu. Kesho yake poda inarudi kuwa ya watoto wachanga. Myriam, binti wa jirani yangu Alphonse Mutale, alifaulu. Nilimmwagia kopo zima mwenyewe, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Alphonse alikuwa kama mlevi, na pombe hajawahi kuigusa. Anacheka, anasahau anachochekea, anacheka tena. Jambo moja tu alilitaka: Myriam afike Kipushi leo hii kwa bibi yake, Mama Kunda, mama mzazi wa Alphonse. Kule, juu ya kabati, kulikuwa na kopo la poda ambalo mama huyo alimnunulia Alphonse mwaka aliokuwa afanye mtihani. Baba yake akafariki, Alphonse akaacha shule akaingia gereji, na kopo likabaki halijafunguliwa. Sasa angalau limwangukie Myriam.

Wangeweza kupanda teksi kama watu wenye akili zao. Wapi! Alphonse alitaka mama yake asikie pikipiki ya marehemu mumewe, aliyoirithi yeye, ikiingia kwa honi. Wakapanda. Hawajafika hata mwisho wa barabara yetu, hao wanarudi: kifuniko cha tangi kimeruka, petroli imelowesha suruali ya Alphonse ya kwendea misa. Huyu ndiye fundi anayetengeneza pikipiki za nusu ya eneo letu la Kampemba, na kifuniko chake mwenyewe amekifunga kwa kipande cha mpira tangu msimu wa mvua! Nilimwambia wazi kwamba hana haya. Akacheka.

Akakaa uani akakifungua kile kifuniko. Ufunguo ulizunguka vizuri, lakini ule ulimi wa chuma unaoshika mdomo wa tangi ulibaki umejificha ndani. Springi inayousukuma ilikuwa imekatika, na springi ya pikipiki ya umri ule huipati dukani. Ndipo macho yake yakaingia ndani ya nyumba, yakatua kwenye kalamu ya Myriam, ile ya kubonyeza, iliyobarikiwa na padri kwenye misa ya wanafunzi wa mtihani. Germaine, mkewe, alikuwa ameshaiweka mbele ya sanamu ya Bikira Maria imsubiri Tracy, mdogo wake Myriam, kwa mtihani wake.

“Papa Myriam, ile bic balibariki! Usiiguse!” Germaine akamkemea.

“Nakamata tu ka ressort, ile springi ya ndani, Mama Myriam. Baraka iko mu wino.”

“Nani alikuambia iko mu wino?”

Kusema kweli hakuna kati yetu aliyejua baraka hukaa wapi. Myriam akaichukua kalamu akaanza kuifungua mwenyewe.

“Papa, kamata. Ilisha kunisaidia miye, sasa ikusaidie na weye.”

Springi ikachomoka, ikaruka, ikatua kwenye poda iliyotapakaa uani. Basi tukapiga magoti, watu wazima na heshima zetu, tunachakura, tunapiga chafya, tunacheka hadi mbavu zinauma. Aliyeiona ni Germaine. Akaibusu kwanza, ndipo akampa mumewe.

Alphonse akaikata ncha, akaivuta kidogo ipate nguvu, akaipaka grisi, akaipachika. Akabonyeza kifuniko: ta! Akafungua, akafunga tena: ta! Akaendelea kufungua na kufunga kwa furaha mpaka Germaine akapiga kelele, “Muende sasa, jua inashuka!” Mimi na yeye tukakodi pikipiki tukawafuata. Nisingelikosa jambo hilo kwa lolote.

Mama Kunda tulimkuta mlangoni. Alikuwa ameusikia mlio tangu kona, na kopo alikuwa nalo mkononi. Lilikataa kufunguka, akaung'oa mfuniko wake kwa meno. Myriam akasogea akainamisha kichwa.

Bibi akampita. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Alphonse, aliyekuwa bado amekaa juu ya pikipiki, akamwinulia kopo kichwani.

“Ulikawia sana, mutoto yangu,” akasema, akamwaga.

Alphonse hakuziba macho. Alifunika kifuniko cha tangi kwa mikono yote miwili poda isiingie, akabaki hivyo, analia na kucheka kwa pamoja. Myriam alimwagiwa iliyobaki.