Nimeshuka bila Keji

Jamani, leo nimemwacha Keji juu, na mchezo huu hauna ngazi ya kurudi.

Keji ni mbwa wangu kwenye mchezo wa mapango, wa simu. (Msinitukane! Jina alimpa Keji mwenyewe, rafiki yangu wa hapa mtaani kwetu Awindiri, kabla hajarudi Juba.)

Rafiki huyo ndiye alinifundisha kucheza: usishuke mpaka mbwa asimame ubavuni mwako. Akiwa mbali, mngoje.

Leo zimwi lilinikimbiza. Sikungoja.

Nikampigia simu Keji wa Juba.

"Mbwa iko wapi?"

"Iko juu. Mimi niko chini, peke yangu."

Nilidhani atacheka.

"Hata mimi," akasema, "siku ile naondoka, basi ilipofika Koboko, karibu na mpaka, nilitaka kushuka nirudi."

Mchezo bado uko wazi. Nimesimama palepale chini ya ngazi.

Nyie mngeendelea?