Betri ya Jirani Ilipoisha

Jana nilirudi nyumbani Matiliku, na nyanya, tunayemwita Susu, kama kawaida yake, akanipa uteo wa ndengu nichague mawe. Rafiki yangu, nilishindwa. Ndengu na changarawe zilikuwa ukungu mmoja tu, macho yakiniwasha kama yametiwa pilipili. Na utotoni kazi hiyo ilikuwa yangu, kwa sababu nyumba nzima hakuna aliyeona kunishinda.

Nilikumbuka televisheni ya jirani. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, picha ikitetemeka, na mbele yake jirani alibandika plastiki ya buluu, eti inakinga macho. Kiingilio kilikuwa kumtekea ng'ombe wake maji. Sisi watoto tulikaa sakafuni, pua karibu ziguse kioo, machozi yakitutoka na hakuna aliyekubali kupepesa. Kisha betri ya gari iliyoiendesha ilichoka, picha ikasinyaa kutoka pembeni mpaka ikapotea. Tulimnung'unikia jirani bure. Nyumbani nyanya alitungoja na maji baridi ya kunawa uso na muthokoi wa moto, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Tulikula nje tukitazama vilima vya mbali, na kabla hatujamaliza macho yalikuwa yametulia.

Sasa naishi mjini Wote, nakagua picha kwenye kompyuta kutwa nzima. Skrini ni nzuri kweli, haitetemeki, na mwangaza naupunguza nitakavyo. Daktari wa macho alisema haitanipofusha. Shida ni kwamba nakodoa kwa karibu bila kupepesa, macho yanakauka na kuchoka. Dawa yake, akasema, ni bure: nipumzike mara kwa mara, nitazame mbali. Nilicheka kwa uchungu. Kompyuta hiyohiyo huona kila ninapoacha kubofya, na anayepumzika sana haitwi kazini tena. Jirani alishafariki, na siku hizi hakuna kitu kinachozimika chenyewe kikatufukuza nje.

Nyanya aliuchukua uteo mikononi mwangu taratibu, akaanza kupapasa mawe kwa vidole.

"Si uache hiyo kazi, mwana wakwa?" aliniuliza, akiniita mwanawe kwa Kikamba.

"Nikiacha, Susu, tutakula nini?"

Alirudi kwenye ndengu zake. Mvua imetukosa misimu miwili, shamba halina kitu, naye anajua. Nilitamani anibishie, aseme kuna njia nyingine. Kesho asubuhi narudi Wote kuyauza macho haya, mpaka siku yatakapokataa.