Askari wa Malkia, Hatua Mbili

Mimi huanza mchezo wa chesi kwa namna moja tu. Askari aliye mbele ya malkia namsogeza hatua mbili. Askofu namtoa nje mapema, kabla sijafunga mlango. Kisha askari mwingine anasimama kando, nyuma kidogo, kumshikilia mwenzake. Hakuna anayeliwa, hakuna anayetishwa. Ni kama kupanga vyombo kabla ya kuwasha jiko, na jikoni kwangu sipendi fujo.

Katika timu ya wafanyakazi wa kaunti yetu, mtindo huo ulikuwa kichekesho. Tangu ugatuzi uanze, sisi wa Isiolo husafiri kukutana na wenzetu wa kaunti nyingine kwa michezo, na chesi imo. Mimi nilishuka kutoka Meru kuja kufanya kazi ofisi ya maji, na chesi nilikuja nayo kutoka chuoni. Wenzangu wengi walitokea kwenye drafti za mtaa wa Bulla Pesa, zile za vifuniko vya soda, ambako kete hupigwa chini kwa kishindo na mtazamaji hupiga kelele kuliko mchezaji. Wakiniona nimetulia, huulizana kama nimelala.

Mwaka mmoja nahodha wetu, bwana mmoja wa idara ya mifugo, aliniita kando.

"Madam, hiyo mchezo yako inalalisha watu. Huko tunaenda wanataka mtu wa kushambulia. Badilisha, ama nipee mtu mwingine meza ya kwanza."

Meza ya kwanza ilikuwa yangu. Anayeikalia ndiye hukutana na mkali wa kila kaunti, na niliipenda kuliko cheo, ingawa cheo nacho nilikuwa nakitaka sana. Nilimwambia sibadilishi. Akasema basi Jumamosi nicheze na mhasibu wetu, bingwa wa drafti wa Bulla Pesa, na atakayeshinda aichukue.

Mhasibu alikuwa Mborana mcheshi, mwenye mikono miepesi. Siku hiyo aliingia ukumbini akawatolea wengine salamu aleikum, kisha akanigeukia mimi: "Habari, madam. Umekunywa kahawa? Usilale leo."

"Mzuri," nikamjibu. "Nitalala nikimaliza na wewe."

Niliishi ploti iliyotazamana na benchi lao la drafti, kwa hiyo sheria zao nilizijua. Kwao kula ni lazima. Ukiachiwa kete usiile, mwenzako anaiondoa yako, na benchi zima linakucheka. Mtu akikua na sheria hiyo, mkono wake hula kwanza, macho yanauliza baadaye. Chesi haimlazimishi mtu kula. Hilo alilijua kichwani, lakini mkono ulikuwa haujaambiwa.

Nikasogeza askari wangu wa malkia. Nikatoa askofu. Sasa, askofu huyo akitoka, kuna askari mmoja upande wa kushoto anayebaki bila mlinzi, na hapo ndipo wakali wengi huuona mtindo wangu kuwa wa kizembe. Mhasibu alimtoa malkia wake haraka akamtazama yule askari. Ningeweza kumlinda. Badala yake nilileta farasi, taratibu, nikakunja mikono.

Akala. Aliigonga kete ya malkia chini kwa kishindo kile cha Bulla Pesa, na nyuma yetu mtu akacheka.

Farasi wangu akaruka mbele, akitishia kumpiga mfalme na ngome yake kwa pamoja. Mhasibu akaleta farasi wake kuzuia. Ndipo nikamsogeza askari wa ukingoni hatua moja tu, ili ngome yangu ipate pa kupitia. Alitazama ubao muda mrefu. Malkia wake alikuwa ndani kwangu na hakukuwa na njia ya kutoka. Ngome ikija, ameliwa.

"Wallahi," alisema polepole, "nimekula na nimeliwa."

Akamlaza mfalme wake kukubali kushindwa, akanipa mkono. Nilikazana uso usionyeshe furaha.

Nahodha alikuwa ametoka kutafuta chai. Aliporudi akakuta mchezo umeisha mapema vile, hakutazama hata ubao. Alinijia moja kwa moja kwa sauti ya matanga.

"Pole sana, madam. Si nilikuambia? Sasa hata usijali, tutakutafutia meza ya nyuma."

Mhasibu ndiye aliyemshika mkono.

"Hiyo pole nipee mimi," alisema. "Na huyu mama usimguse. Kama alivyo hivyo, ndivyo tunaenda na yeye."

Nahodha akainama juu ya ubao, chai mkononi, akawa anamtafuta malkia wa mhasibu alipokwamia. Nilimwacha atafute. Nilijivuna, sitasema uongo. Nilijivuna Jumamosi yote, Jumapili nikaenda na majivuno hayo kanisani, na Jumatatu nikaingia nayo ofisini.