Mama Sumaku na Kichwa Kilichopinda

Katika kituo cha askari wa wanyamapori hakuna aliyemwita mtunza ghala kwa jina lake. Wote walimwita Mama Sumaku, kwa sababu mfuko wa aproni yake ya kijani haukukosa kipande cha sumaku alichokichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, na kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeshika funguo mbili za mlango wa chuma. Askari wakienda kumkabili nyati mkali au tembo aliyevamia mashamba, risasi walizipokea mkononi mwake.

Kazi yenyewe ilitaka macho na subira. Risasi laini, ambayo ncha yake hufunguka ikiingia mwilini, humfaa swala. Nyati na tembo wana mifupa minene, hivyo hupigwa kwa risasi ngumu, ile isiyofunguka wala kupinda, inayokwenda moja kwa moja hadi ilikotumwa. Ila risasi ngumu nazo si za ukoo mmoja. Ghalani mlikuwa na aina mbili. Kichwa cha aina ya kwanza kilikuwa kipande kimoja cha shaba, kuanzia ncha hadi kitako. Cha aina ya pili kilikuwa na koti nene la chuma lililopakwa shaba, na ndani yake madini laini ya kijivu, yale yaitwayo risasi. Vichwa hivyo vikishaketi kwenye maganda yake, kwa nje vilifanana kama mapacha. Mama Sumaku alivitenganisha kwa kuvigusa na sumaku yake: kinachonaswa kina koti la chuma, kisichonaswa ni shaba tupu. Alikuwa na uwezo wa kuchambua katoni nzima huku akisimulia habari za harusi ya jirani.

"Mama, mbona unazipapasa hivyo?" askari walimtania.

"Nazisalimia. Usipozisalimia hapa, huko porini hazikuitikii."

Fundi bunduki aliyemfundisha, ambaye sasa amestaafu na kufuga kuku, hakuipenda sana ile sumaku. Yeye alikuwa na sheria yake: katoni ngeni ikiingia, toa risasi moja, ibane kwenye jiliwa, ng'oa kichwa, kigeuze utazame kitako. "Usoni kila mtu mstaarabu," alikuwa akisema. "Tabia iko kitakoni." Mama Sumaku alicheka, akaifuata sheria hiyo miaka mingi, kisha taratibu akaanza kuiruka. Kung'oa kichwa ni kuharibu risasi nzima, na sumaku ilikuwa haijawahi kumdanganya.

Mpigaji hodari wa kituo alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na dada akamlea, akamsomesha, akamfulia na kumchapa inapobidi. Kituoni walimwita Jicho, kwani alipolenga hakukosa. Jumanne moja Jicho alitumwa pamoja na mfuata nyayo, mtu mrefu mpole aliyeweza kusoma ardhi kama gazeti, wamtafute nyati kilema aliyekuwa akiwashambulia wakata majani. Walimkuta hatua ishirini mbele yao. Jicho akapiga mara moja, lakini nyati hakuanguka. Alikuja mbio, akampitia mfuata nyayo na kumvunja paja, na risasi ya pili ndiyo iliyomlaza.

Jicho alisema alimpiga kifuani, uso kwa uso. Lakini mzoga ulikatwakatwa kabla mtu hajaandika tundu liko wapi, na kichwa cha risasi ya kwanza kilipatikana tumboni, upande wa kushoto. Maneno yakaenea upesi: kijana aliogopa, alipiga tumbo. Mkuu wa kituo akaichukua bunduki yake, akasema Ijumaa atatoa uamuzi. Kila mtu alijua uamuzi huo: Jicho atahamishiwa getini kufungua na kufunga kizuizi, na hatashika tena bunduki kubwa.

Jumatano jioni alikuja kwa dada yake, akakaa jikoni bila kugusa chakula.

"Ulilenga wapi?" dada akamuuliza.

"Kifuani, Dada. Katikati kabisa."

"Basi shida iko wapi?"

Akazungusha kijiko kwenye sahani. "Shida ni kwamba nimeulizwa mara nyingi mno. Sasa hata mimi sijui. Labda kweli niliogopa."

Mama Sumaku hakuwa amewahi kumsikia akisema hivyo, hata utotoni alipoanguka kutoka juu ya paa. Maneno hayo yalimkaa moyoni usiku kucha.

Ilikuwa desturi ya kituo kwamba kila kichwa cha risasi kinachotolewa kwenye mnyama kirudishwe ghalani, kioshwe, kipimwe, kifungiwe kikaratasi na kuwekwa kwenye kopo. Makopo yalikuwa ya maziwa ya unga, yamejaa vichwa vya miaka yote. Alhamisi asubuhi kichwa cha risasi kilichotolewa kwa nyati yule kiliwekwa mezani kwake ndani ya bahasha. Alikiosha kwenye beseni. Kilikuwa kimepinda kama ndizi.

Akavaa miwani. Akamimina kopo moja mezani, akalinganisha. Vichwa vya shaba tupu vilikuwa vimenyooka kama vilivyotoka kiwandani, isipokuwa mikwaruzo ya mtutu ubavuni. Vya koti la chuma vilikuwa vimebonyea kidogo, basi. Hiki kilikuwa na koti jembamba lililochanika, na kitakoni madini ya kijivu yalikuwa yamechuruzika nje kama dawa ya meno. Akakipima kwenye mizani: theluthi nzima ilikuwa imepotea. Akaitoa sumaku mfukoni na kuigusisha.

Haikunasa.

Alikaa chini. Kwa hesabu yake ya siku zote, kisichonaswa ni kipande kimoja cha shaba, na kipande kimoja cha shaba hakina madini ya kijivu tumboni. Kumbe ipo aina ya tatu: koti jembamba la shaba juu ya moyo laini. Sumaku haiioni aina hiyo, kwa kuwa haina chuma hata chembe. Risasi yake ni ngumu kwa jina tu. Ikikutana na mfupa hupinda, na ikishapinda huenda inakotaka yenyewe. Ingeweza kuingilia kifuani na kuishia tumboni.

Akakumbuka zile katoni zilizofika wakati wa mvua, zimelowa, lebo zimebanduka. Siku hiyo alikuwa na haraka. Alizipitishia sumaku, hazikunaswa, akazimimina zote kwenye sanduku la shaba tupu. Hakufungua hata moja.

Akalileta sanduku, akachukua risasi tano bila kuchagua, akazibana moja moja kwenye jiliwa na kuving'oa vichwa. Vitatu vilikuwa shaba hadi kitakoni. Viwili vilimwonyesha duara la kijivu. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa mfukoni mwa aproni.

Hakuna mwingine aliyejua. Kichwa kilichopinda kingeingia koponi, kikaratasi juu yake, na funguo zingebaki kiunoni mwake hadi siku ya kustaafu. Alikiviringisha kidoleni muda mrefu. Kisha akavifunga vyote kwenye leso, akafunga ghala, akaenda ofisini kwa Mkuu.

"Mkuu, aliyekosea si Jicho. Ni mimi."

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa taratibu, na masharubu yake yalicheza alipokasirika. "Mama, wewe ni dada yake. Umemlea. Nikisema haya mbele ya watu, watanicheka."

"Ndiyo maana usiniamini mimi. Amini macho yako. Njoo upige mwenyewe."

Mchana huo, kwenye mtaro wa mazoezi ya shabaha, walipanga maboksi ya magazeti ya zamani yaliyolowekwa maji tangu asubuhi, na mbele ya kila safu wakasimamisha mfupa mnene wa nyati yuleyule. Risasi tatu, moja ya kila aina, Mama Sumaku alizichagua kwa sumaku na mizani, kwani ya moyo wa kijivu ni nzito kidogo kuliko ya shaba tupu. Mkuu alikuwa hajashika bunduki kubwa kwa miaka mingi. Risasi ya kwanza ilimrudisha nyuma hatua mbili, kofia ikaanguka.

"Bunduki hii ina teke la punda!"

"Bado mbili, Mkuu," alisema Mama Sumaku kwa upole.

Wakachambua magazeti ukurasa kwa ukurasa. Shaba tupu ilipita maboksi matano kwa mstari ulionyooka. Ya koti la chuma ilisimama katika la nne. Ya tatu ilivunja mfupa, ikaingia boksi la pili, kisha njia yake ikakata kushoto na kutokea ubavuni. Waliikuta kwenye nyasi, imepinda. Mkuu aliiweka kiganjani kando ya ile iliyotoka kwa nyati.

Ijumaa Jicho alirudishiwa bunduki yake mbele ya wote. Mama Sumaku naye alipewa barua ya onyo, akanyang'anywa funguo kwa miezi sita. Mtunza ghala mpya aliletwa, na Mama Sumaku akabaki kuwa msaidizi katika chumba alichokuwa mkuu wake. Alhamisi ile ile, jioni, alikuwa ameshakwenda hospitali kumwambia mfuata nyayo kwa kinywa chake. Yule aliitazama plasta ya mguu wake, kisha akasema, "Umekuja mwenyewe, Mama. Lakini usiniombe nicheke leo."

"Siombi," alimjibu, akamenya chungwa alilomletea.

Jicho alimkasirikia kwa wiki nzima. "Ungenyamaza tu, Dada. Getini ningezoea."

"Ungezoea kusema uliogopa. Hilo nisingelizoea mimi."

Mwezi uliofuata iliingia habari ya tembo kwenye mashamba ya mahindi, na katoni mpya ilikuwa imefika siku hiyohiyo. Jicho alikuja dirishani pa ghala kuchukua risasi zake, mfuata nyayo mpya akimngoja nje. Dada yake alimhesabia kumi, na kando yake akaweka kichwa kimoja kilichong'olewa. Zamani Jicho angevitia vyote mfukoni bila kutazama. Safari hii alikichukua, akakigeuza, akatazama kitako. Kilikuwa shaba hadi ndani.

"Hiki umeking'oa lini?"

"Kabla hujafika. Haya, nenda, usimsubirishe mwenzako."